Mgonjwa wa kiuno aandikiwe mazoezi

Mgonjwa wa kiuno hapa Tanzania hutoka zahanati na bahasha ya vidonge, ushauri wa kupumzika, na hofu. Mwenye fedha kidogo huongeza mkanda wa kujifunga. Mwenye bima hupigwa picha, na majibu ya picha humwambia kwamba pingili zake zimesagika. Miezi mitatu baadaye yuko kwenye benchi lilelile, kiuno bado kinauma, na safari hii anaongezewa dozi.

Msimamo wetu ni kwamba tiba ya kwanza ya maumivu ya kiuno yaliyokwisha kuwa sugu ni mazoezi yanayofundishwa na kusimamiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Vituo vyetu vya afya viyatoe kama vinavyotoa dawa: kwa kipimo, kwa maandishi, na kwa tarehe ya kurudi.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji. Sugu maana yake yamedumu zaidi ya miezi mitatu. Mwongozo huo unapendekeza mgonjwa aelimishwe, apewe programu ya mazoezi, achuliwe au anyooshwe mgongo na mtaalamu inapofaa, asaidiwe kisaikolojia, na akihitaji dawa apewe zile za jamii ya ibuprofeni. Kisha unataja vitu ambavyo visiwe tiba ya kawaida: mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, mashine za mawimbi ya sauti, mashine za umeme mdogo wa kusisimua neva, na dawa za jamii ya afyuni kama tramadoli. Msomaji aliyewahi kutibiwa kiuno atajikuta kwenye orodha hiyo ya pili.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani mtu mmoja kati ya kila 13. Makadirio ni kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843, na ongezeko kubwa zaidi litakuwa Afrika na Asia. Hakuna hali nyingine ya kiafya inayowafanya watu wengi zaidi waishi na ulemavu. Kwetu ulemavu huo haumaanishi likizo yenye malipo. Unamaanisha shamba lisilopaliliwa, genge lililofungwa, na mtoto wa kike anayebaki nyumbani kumsaidia mama kuchota maji.

Katika wagonjwa kumi wa aina hii, tisa hawana mfupa uliovunjika, hawana uvimbe, hawana maambukizi. Maumivu yao ni ya kweli kabisa, ila hakuna kitu kimoja kilichoharibika ambacho fundi anaweza kukitoa na kuweka kingine. Hapo ndipo picha inapoleta balaa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Miongoni mwa watu wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Watu hao walikuwa wakienda kazini, wakicheza ngoma, wakibeba wajukuu. Diski huchakaa kama ngozi inavyopata makunyanzi na nywele zinavyopata mvi.

Sasa mwambie mama wa miaka 50, "Mgongo wako umekwisha, usiiname tena, usibebe kitu." Huyo umempa ugonjwa wa pili. Ataanza kutembea kwa tahadhari kama aliyebeba mayai. Misuli ya mgongo, makalio na mapaja italegea kwa kukosa kazi. Ataacha kufagia, ataacha kwenda mnadani, ataacha kwenda kwenye vikao vya kikundi chake, na akiwa amelala peke yake ndani mchana kutwa, maumivu ndiyo yatakayokuwa mwenzake. Tumewaona wazee waliohamia kwenye kiti msikitini kwa sababu tu waliambiwa rukuu itawamaliza.

Imani ya kitanda ni ya zamani na hatumlaumu tabibu mmoja mmoja kwa kuirithi. Lakini ilishapimwa ikashindwa. Mwaka 1986 nchini Marekani, wagonjwa wa kiuno walioambiwa walale siku mbili walilinganishwa na walioambiwa walale siku saba. Waliolala siku mbili walipoteza siku chache za kazi kuliko wenzao, na hawakuwa na maumivu zaidi yao. Mwaka 1995 wafanyakazi wa jiji la Helsinki, Finland, ambao viuno vyao vilikuwa vimeshikwa karibuni, waligawanywa makundi matatu: kundi moja lilale, la pili lifanye mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona haraka zaidi. Kiuno kilichokamata jana, basi, hakihitaji programu. Kinahitaji mtu asiache kutembea na kufanya shughuli zake, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Programu ya mazoezi ni ya yule ambaye miezi mitatu imepita na bado anaamka akijishika ukuta.

Kwa huyo ushahidi upo mwingi. Mapitio ya mtandao wa Cochrane yaliyotoka 2021 yalikusanya majaribio 249 yenye washiriki zaidi ya 24,000. Waliofanya mazoezi, wakilinganishwa na wasiopewa tiba au waliopewa huduma ya kawaida, walipungukiwa maumivu kwa wastani wa pointi 15 katika kipimo cha 100. Hatutaki kumdanganya mtu: pointi 15 si muujiza. Mazoezi hayafuti maumivu yote, hayafanyi kazi kwa siku tatu, na faida yake hupotea ukiyaacha. Uwezo wa kufanya shughuli huongezeka pia, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko maumivu yanavyopungua. Lakini mtu aliyetoka maumivu ya 60 hadi 45 anaweza kupanda daladala, kukaa kwenye ibada hadi mwisho, kulala usiku. Na bila kuunguza tumbo wala kuumiza figo kama vidonge vya maumivu vikimezwa mwaka mzima, ni tiba ya kuheshimiwa.

Kwa nini inafanya kazi? Misuli kupata nguvu ni sehemu tu ya jibu. Majeraha mengi ya mgongo hupona katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini mfumo wa neva uliokwisha kuzoea kuonya huendelea kuonya. Ni kengele ya nyumba inayoendelea kulia hata baada ya mwizi kukimbia. Mwili unapofanya jambo lililoogopwa, kidogo kidogo, mara nyingi, bila kuumia, neva hujifunza upya kwamba kuinama si hatari. Ndiyo maana aina ya zoezi haijalishi sana kama watu wanavyobishana. Kutembea, kuogelea, kunyanyua vitu, mazoezi ya viungo ya mkekani: vyote vinasaidia, na tofauti kati ya kimoja na kingine ni ndogo. Lililo bora ni lile ambalo mgonjwa atalifanya wiki ijayo na mwezi ujao.

Tueleze jinsi kipindi kizuri kinavyokwenda, kwa sababu wengi hawajawahi kukiona. Mkeka umetandikwa sakafuni. Mama analala chali, amekunja magoti, nyayo zimegusa mkeka. Anabana makalio na kuinua kiuno mpaka mapaja na kiwiliwili vinanyooka mstari mmoja, anahesabu hadi tano, anashuka taratibu. Anafanya mara nane, anavuta pumzi, anarudia. Kisha anakaa mkao wa kutambaa, ananyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, anatulia bila kuyumba, anabadilisha. Kisha anakaa kwenye kiti na kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi. Mwisho linaletwa dumu la lita 5 lililojaa maji, na hapo uso wake unabadilika, maana ndicho anachokiogopa. Anakunja magoti, analishika, analiweka mezani, analirudisha chini. Anafanya tena. Wiki mbili baadaye litakuwa la lita 10. Lengo lililoandikwa kwenye kadi yake ni ndoo ya lita 20, ile anayochotea maji nyumbani, ambayo ikijaa inapita kilo 20.

Mtaalamu anayemsimamia anamwambia maneno ambayo hakuwahi kuyasikia zahanati: "Mama, mgongo wako haujavunjika. Ukisikia maumivu yamepanda kidogo wakati wa zoezi na kesho yametulia, endelea. Yakipanda na kesho bado yako juu, punguza idadi, lakini usiache." Anapewa mazoezi ya nyumbani, anaambiwa atembee, anapangiwa kurudi. Mwendo huu unakwenda wiki nane hadi 12. Hakuna umeme uliotumika wala kifaa cha kuagizwa nje.

Hapa lazima tuguse jambo nyeti. Chumba cha fiziotherapia chenyewe hakijapona maradhi ya mashine. Wapo wagonjwa wanaolipia kipindi, wanalazwa kifudifudi, wanawekewa taa ya joto na pedi za umeme kwa dakika 20, wanaambiwa wavae waondoke. Joto ni tamu na hakuna anayelikataa, ila mgonjwa huyo hajafundishwa chochote cha kwenda nacho nyumbani. Wataalamu wa fiziotherapia wanaijua kazi yao kuliko hiyo, na tunawaomba wawe wa kwanza kuidai. Foleni ndefu na uhaba wa watu ndivyo vinavyowasukuma kwenye mashine. Basi kundi la wagonjwa wanane kwenye mikeka minane, saa moja, chini ya mtaalamu mmoja, litamaliza foleni haraka kuliko kitanda kimoja chenye taa moja.

Tunajua swali litakaloulizwa na mkulima, na ni swali la haki: "Mimi nalima kutwa nzima, mazoezi gani tena mnaniongezea?" Huwezi kumjibu mtu huyo kwa kumwonyesha picha ya mtu amevaa raba anakimbia ufukweni. Kazi nzito na mazoezi havifanani. Anayepalilia kwa jembe la mpini mfupi ameinama mkao mmoja saa nne mfululizo, hachagui uzito, hachagui kasi, hapumziki mpaka mstari uishe. Dereva wa bodaboda anatikisika juu ya pikipiki kutwa. Fundi cherehani amejikunja mgongo uleule tangu asubuhi. Mazoezi ni kipimo: uzito unaoupanga, idadi unayoihesabu, misuli isiyotumika inapewa zamu, iliyochoka inapumzishwa. Kwa mkulima, programu inaweza kuwa na mkeka kidogo na mengi ya shambani: kusimama na kujinyoosha nyuma kila baada ya muda, kubadilisha mkono wa jembe, kugawa heka kwa siku badala ya kuimaliza kwa mkupuo, kurudi kazini kwa nusu siku kwanza. Mtaalamu asiyeuliza mgonjwa anafanya kazi gani hajaanza kutibu.

Wala mazoezi yasigeuzwe kisingizio cha kuacha mizigo ya kinyama iendelee. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, hupita kilo 100, na kuli hulipandisha kwenye lori kwa mgongo wake, moja baada ya jingine, mpaka lori lijae. Mjadala wa lumbesa kwetu umekuwa wa bei ya mkulima, na ni mjadala halali, lakini mgongo wa kuli haujawahi kuwa hoja. Kenya kanuni zake za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa mfuko. Kuli wetu akihitaji mkeka na programu ya wiki 12, anahitaji pia gunia la ukubwa wa binadamu, vinginevyo tunamtibu Jumatatu na kumrudisha alikoumia Jumanne.

Yapo maelezo mengine yanayomzuia mgonjwa asifike kwenye mkeka. Wanawake wengi waliojifungua kwa upasuaji wanaamini sindano ya mgongo ndiyo iliyowaharibu kiuno. Tafiti zilizowafuatilia wanawake waliochomwa sindano ya ganzi ya mgongoni hazikuonyesha kwamba ndiyo chanzo cha maumivu ya muda mrefu; ujauzito wenyewe, kunyonyesha kwa kujikunja na kubeba mtoto mgongoni vina mchango wao. Lakini mwanamke huyo asipojibiwa kwa heshima ataishi akiamini ana jeraha la kudumu ndani ya uti wa mgongo, na hataruhusu mtu amwambie ainame. Wanaume nao husikia kwenye spika za stendi kwamba kiuno ni figo, na figo ni nguvu za kiume, na dawa ni chupa moja. Wanainunua kwa aibu, kimyakimya. Wauzaji hao wasimamishwe na mamlaka husika, na tabibu aanzishe mazungumzo hayo yeye mwenyewe, maana mgonjwa hataanza.

Kabla ya mkeka, hata hivyo, kuna uchunguzi ambao hauna mbadala. Kiuno kinachouma pamoja na mkojo au haja kubwa kutoka bila kujijua, ganzi sehemu za siri, au miguu kupoteza nguvu, ni dharura ya siku hiyohiyo. Kinachouma pamoja na homa, kukonda, kutokwa jasho usiku, au maumivu yasiyotulia hata ukilala, kinahitaji vipimo, na kwetu jina la kwanza la kuliwazia ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Tanzania, Kenya na Uganda zote zilikuwa katika orodha ya WHO ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Vivyo hivyo aliyeanguka vibaya, aliyewahi kuugua saratani, na mzee ambaye mifupa yake ni dhaifu. Hawa ndio picha na vipimo viliwekwa kwa ajili yao. Tukiacha kumpiga picha kila anayelalamika kiuno, mashine itakuwa na nafasi kwa ajili ya hawa.

Nani afanye nini? Wataalamu wapo wachache. WHO inasema katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati hawafiki kumi kwa kila watu milioni moja, ukiwajumlisha wote wa tiba ya utengamao. Hospitali ya KCMC pale Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo mingi, lakini mgonjwa wa kijijini hukutana nao tu akipewa rufaa, na nauli ya rufaa kwa kiuno hakuna anayeitoa. Tunataka nafasi ya ajira ya mtaalamu huyu ishuke hadi kituo cha afya. Tunataka maafisa tabibu na wauguzi wafundishwe mambo ya msingi: kutambua dalili za hatari, kumtoa mgonjwa hofu, na mazoezi matano ya kuanzia. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Hao ndio wanaoweza kupita nyumba kwa nyumba na kumuuliza mama kama ametembea wiki hii.

Kutembea kwenyewe kusidharauliwe. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Nusu waliongozwa na mtaalamu kujenga mazoea ya kutembea, wakilenga dakika 30, mara tano kwa wiki, pamoja na elimu kuhusu mgongo. Nusu nyingine waliachwa wajitibu wenyewe. Maumivu yaliyorudi na kuzuia shughuli yalichukua siku 208 kwa kawaida katika kundi la watembeaji, na siku 112 kwa wenzao. Kwetu pa kuanzia papo: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam vinajaza barabara alfajiri. Vikundi hivyo vitenge safu ya nyuma, ya wanaotembea, wenye viuno vinavyouma na umri mkubwa, na waambiwe wazi kwamba hapo ni pao.

Fedha ndizo zitakazoamua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inategemea kitita cha mafao, na kitita hicho kinapaswa kutaja vipindi vya mazoezi vinavyosimamiwa, kwa mtu mmoja au kwa kundi, kwa idadi inayoeleweka na kwa bei inayomwezesha mtoa huduma kuvitoa. Bima inayokubali kulipa picha ya mgongo na kukataa kulipa wiki nane za mkeka inanunua hofu na kuacha tiba. Bajeti ya Wizara ya Afya itakaposomwa tutaipekua tukitafuta mambo mawili: ni vituo vingapi vya afya vinapata mtaalamu wa fiziotherapia mwaka huo, na bima italipa vipindi vingapi kwa mgonjwa wa kiuno.